Mchoraji wa Ridhaa: Kukisoma "Painting as a Pastime" cha Churchill

Kwenye ndondi tuna mabondia wa kulipwa na mabondia wa ridhaa. Hilo neno la pili nalipenda kwa sababu halimdharau mtu. Halisemi bondia huyu hajui kupigana, linasema tu amepanda ulingoni kwa hiari yake, hapigani ili apate kula. Ila nikilipeleka kwenye sanaa watu wananishangaa. Mchoraji wa ridhaa? Ndiyo nani huyo? Kwetu mtu akisema anachora, swali linalofuata ni moja tu: unauza wapi, na bei gani?

Winston Churchill alikuwa mchoraji wa ridhaa. Najua, jina hilo likitajwa huku kwetu wengi tunakunja uso, na sababu tunazo, nitazifikia. Lakini aliandika kijitabu kuhusu kuchora, "Painting as a Pastime", ambacho nimekisoma mara mbili mwaka huu na mara zote mbili kimenigombanisha na nafsi yangu. Kilianza kama insha ya sehemu mbili katika jarida la Strand, Desemba 1921 na Januari 1922, kisha mwaka 1948 kikatoka kama kitabu chenye picha zake za rangi. Unakimaliza kwa mkao mmoja.

Kisa chenyewe kinaanza na mtu aliyeanguka. Mei 1915 Churchill anaondolewa uwaziri wa jeshi la majini baada ya mambo kuharibika kule Dardanelles. Ana miaka 40. Bado anakaa kwenye baraza la mawaziri, habari zote za vita anazijua, ila hana tena nguvu ya kuamua chochote. Familia imepanga nyumba ya shamba huko Surrey, na hapo anamwona shemeji yake akichora kwa rangi za maji. Anajaribu na yeye, kisha anaagiza rangi za mafuta.

Siku ya kwanza mbele ya kanvasi nyeupe ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Anachovya brashi kwenye bluu, anaweka kidoa kidogo mfano wa punje ya haragwe, halafu mkono unaganda. Mtu aliyekuwa akiamrisha manowari anaogopa kitambaa! Mara gari linaingia, anashuka Hazel Lavery, mke wa mchoraji John Lavery na yeye mwenyewe mchoraji. Mama huyu hana salamu ndefu. Anaomba brashi kubwa, anaipiga kanvasi mistari mipana ya bluu, pa, pa, pa. Kanvasi haikurudisha ngumi hata moja. Churchill anasema tangu siku ile hofu ikamtoka.

Basi kutoka hapo anajenga hoja mbili. Ya kwanza inahusu kupumzika. Anasema akili iliyochoka haiponi kwa kulazwa tu, inapona ukiipa kazi ya aina nyingine. Halafu anatugusa sisi wapenda vitabu palepale panapouma: kwa mtu anayeishi kwa kutumia kichwa, kusoma si mapumziko ya kutosha, maana kunafanana mno na kazi yake. Nilipofika hapo nikakifunga kitabu kwa hasira. Mimi ni mwandishi wa habari. Mchana nasoma na kuandika ili nilipwe, usiku nasoma riwaya nikijiambia napumzika, na asubuhi naamka macho mekundu. Nilitaka kubisha, nikakosa pa kuanzia.

Hoja ya pili ndiyo iliyonirudisha kwenye kitabu mara ya pili. Churchill anadai kwamba kabla ya kushika brashi hakuwahi kuyaona mazingira yake sawasawa. Baada ya kuanza kuchora ndipo akagundua kumbe kilima kimoja kina rangi chungu nzima, zinabadilika pakiwa na jua na pakiwa na kivuli, na kumbe dimbwi la maji nalo lina habari zake. Hata safari zikabadilika. Mchoraji hakosi shughuli popote anapofikia, kila kona ina kitu cha kumshughulisha.

Maisha yake yanamuunga mkono. Nyumbani kwake Chartwell, Kent, alilichora bwawa la samaki la bustanini. Akipanda meli au treni, rangi nazo zilisafiri. Januari 1943, baada ya mkutano wa Casablanca, alimshawishi Roosevelt waende Marrakech wakaangalie jua likizama kwenye milima ya Atlas. Roosevelt alipoondoka, Churchill akabaki akachora mnara wa msikiti wa Koutoubia, picha pekee aliyochora wakati wote wa vita, na akampa Roosevelt kama zawadi. Mwaka 2021 ilinadiwa London kwa zaidi ya pauni milioni 8. Lakini bei hiyo tusiipe uzito sana, wanunuzi walikuwa wanalipia historia na jina. Mwenyewe alilijua hilo. Mwaka 1947 alipeleka picha Royal Academy kwa jina la bandia, David Winter, ili zipimwe kama za mtu yeyote. Mbili zilipita.

Sasa tufike kwetu. Miaka minane kabla ya kile kidoa cha bluu, yaani mwaka 1907, Churchill alikuja Afrika Mashariki akiwa naibu waziri wa makoloni. Alishukia Mombasa, akapanda reli ya Uganda akiwa amekaa kwenye benchi mbele kabisa ya injini, akavuka Ziwa Victoria, akashuka na Mto Nile hadi Khartoum. Makala zake zilitoka kwenye jarida lilelile la Strand, kisha mwaka 1908 zikawa kitabu, "My African Journey". Nakushauri usome vitabu hivi viwili kwa kufuatanisha, kwa sababu ukivisoma hivyo unaona kitu ambacho ukisoma kimoja hukioni.

Mwaka 1907 alisimama Jinja, pale Nile inapotoka ziwani. Anatazama maporomoko na kinachomjia kichwani ni hasara: nguvu yote ile inapita bure, ingefungwa ingezungusha mitambo. Tuwe wa haki, hakuwa kipofu wa uzuri. Vipepeo na maua ya Uganda anavisifia kwa moyo mweupe. Ila kila akimaliza kusifia, swali lake linarudi palepale: hii nchi itafaa nini, na watu wake watafanyishwa kazi gani? Huyohuyo, kwenye insha ya 1921, anakaa mbele ya maji na kujiuliza yana rangi gani. Hapo ndipo ninapomwamini kwamba brashi ilimfundisha kitu. Ilimpa saa chache za kutazama kitu bila kukitafutia matumizi.

Tatizo ni kwamba somo hilo liliishia kwenye milima na maji. Picha zake nyingi ni mandhari. Alijifunza kukipa kivuli cha mti muda wake wote, lakini kwa binadamu tuliokuwa chini ya himaya yake swali la 1907 halikubadilika. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya Oktoba 1952, waziri mkuu alikuwa yeye. Watu walijazwa kambini, na hadi vita ile inaisha zaidi ya 1,000 walikuwa wamenyongwa. Kuna wanaopenda kusema sanaa humlainisha mtu moyo. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kitabu hiki kimenifanya niseme kwa tahadhari zaidi: sanaa hukunoa macho pale tu ulipoamua kuyaelekeza.

Lawama yangu ya pili ni ndogo lakini nayo ina uzito. Churchill anatuhimiza tusisubiri mafunzo, tuwe jasiri, tutumie rangi bila ubahili. Sawa mzee, lakini rangi za nani? Hapa Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, Edward Saidi Tingatinga naye alianza bila kufundishwa. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, na hakuwa akitafuta mapumziko. Alikuwa anatafuta mkate, akawauzia wageni pale Oysterbay. Ujasiri alikuwa nao tele, nafasi ya ridhaa ndiyo hakuwa nayo. Insha ya Churchill haina hata aya moja kwa mtu wa namna hiyo, na hilo ni pengo, kwa sababu inajidai kuzungumza na kila mtu.

Pamoja na hayo, nakipendekeza. Nilipokimaliza mara ya pili nilinunua boksi la rangi za maji za watoto, la bei ya chini kabisa, nikakaa dirishani kuchora kilichokuwa mbele yangu: tangi la maji la jirani juu ya paa. Miaka minne naliona kila siku, na ungeniuliza ningekuambia ni jeusi. Si jeusi. Saa moja asubuhi upande mmoja una ubluu, mwingine una rangi ya kahawia, na ukingoni kuna mstari mweupe wa jua. Picha niliyochora ni mbaya, mke wangu kauliza kama ni sufuria. Lakini kwa dakika 40 sikushika simu.

Halafu, katikati ya kupaka ule weupe, akatokea paani kijana anayekuja kusafisha tangi. Nilisubiri aondoke ili nimalizie picha yangu. Baadaye ndiyo nikajishtukia. Kesho yake alipopita getini nilimuuliza jina, na wiki ijayo akipanda tena nitajaribu kumchora na yeye.