Stendi ya Noti na Upepo

Stendi ya noti ya kukunja, yenye uzito wa kilo moja hivi, hubebeka pamoja na fidla. Ukumbini sina ugomvi nayo. Lakini taarabu ikipigwa uwanjani Ngome Kongwe, Unguja, bahari ikiwa jirani, wepesi huo hugeuka aibu. Nayo stendi yenye bamba zima hushika upepo kama tanga. Bamba la matundu huupitisha. Mimi nachagua la matundu, miguu mitatu itanuke sana, mmoja uelekee upepo uendako, na karatasi zibanwe kwa vibanio vya nguo. Wepesi ni sifa ya safari tu. Noti zikipeperuka, mpigaji hunyamaza, na mwimbaji huachwa peke yake mbele za watu.