"Mshipa", "Kubana" na "Tezi Dume": Uhakiki wa Istilahi za Mkojo

Istilahi mbovu katika riwaya humuudhi msomaji. Katika tiba humdhuru mgonjwa. Hapana budi basi tuyapime maneno tunayoyatumia kueleza jinsi neva zinavyotawala mkojo pindi njia yake inapozibwa.

La kwanza ni "mshipa". Neno hili ni njia ya damu, ni neva, na tena ni maradhi ya ngiri au busha. Mkulima wa Uyole, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na ile iendayo Zambia, akiambiwa kwamba mishipa ya kibofu chake imedhoofika, ashike maana ipi? Huenda akatafuta dawa ya ngiri, na huku kibofu kinazidi kujaa. "Mshipa wa fahamu" nao hautufai, kwani neva zinazokaza msuli wa kibofu hutenda bila fahamu wala hiari. "Neva" litoshe.

La pili ni "tezi dume". Husemwa, "Fulani ana tezi dume," kana kwamba ni ugonjwa. Kila mwanamume anayo! Ugonjwa ni kukua kwake.

La tatu ni "kubana", litumikalo kwa mambo matatu. Napendekeza: mtu "hubana" mkojo kwa hiari, "hubanwa" anapohisi haja, na njia "huziba".

Na tuyajaribu. Kibofu kikijaa, neva hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo. Ukifika wakati wa kukojoa, neva zitokazo sehemu ya chini ya uti hukaza kibofu, na msuli wa kufungia hulegea. Njia ikiziba, msuli wa kibofu hunenepa kwa kusukuma. Neva nazo hubadilika: mwaka 1988 Steers na de Groat walionyesha badiliko hilo katika panya. Ndipo mtu hubanwa mara kwa mara, hata kibofu kisipojaa. Njia ikiziba kwa muda mrefu, msuli huchoka na mkojo hubaki ndani.

Maneno haya yamfae pia bwana mifugo, maana maksai naye huzibwa njia kwa vijiwe. Tabibu na bwana mifugo wakitumia neno moja kwa maana moja, mkulima atawaelewa wote wawili. Wafasiri na walimu, tuanze na "neva".