Jim na Ndoo Yake

Wanafunzi wasomao Tom Sawyer, kitabu alichokitoa Mark Twain mwaka 1876, huupenda sana mlango wa pili, ambamo Tom, aliyeamriwa kupaka chokaa ua wa mbao, awalaghai wenzake hata wakamlipa ili wapate kuifanya kazi hiyo. Ujanja huo wasifiwa, wala si bure.

Lakini kabla yao alipita Jim, mtoto mweusi wa nyumba ile, aliyetumwa maji. Tom alimwahidi gololi. Jim akatua ndoo, na mara Polly, dada ya marehemu mama yake Tom, akamcharaza kwa kiatu. Akakimbia na ndoo yake, asionekane tena katika mlango huo. Tom akabaki, akatajirika. Hadithi ni ya miaka ya 1840 hivi, katika mji ulioigwa Hannibal, Missouri, alikokulia Twain. Na katika jimbo hilo utumwa ulidumu hata 1865. Utundu, basi, ulikuwa mali ya watoto huru, na mhakiki asiyemtaja Jim amesoma nusu ya mlango.

Twain mwenyewe ampita upesi mno. Ilipasa kungoja Huckleberry Finn, mwaka 1884, ndipo Jim mwingine, mtu mzima, apewe nafasi ya kusema.