Ruhusa Si Radhi

Vitabu vya ufundi wa tamthilia za muziki hupenda kumwambia mwandishi chipukizi jambo moja: mapema kabisa, mhusika mkuu aimbe kile anachokitaka. Katika darasa letu la uzamili nimesoma miswada iliyoitii amri hiyo mpaka ikafanana. Msichana, dirisha, ndoto ya kwenda mjini. Kwetu, ambako posa bado ni mazungumzo ya koo mbili, sijui kwa nini tunaazima dirisha.

Anayeniuliza ninamwambia aviweke vitabu kando, atazame Fiddler on the Roof. Ilifika Broadway mwaka 1964: muziki wa Jerry Bock, maneno ya nyimbo ya Sheldon Harnick, mchezo wenyewe umeandikwa na Joseph Stein kutokana na hadithi za Sholem Aleichem. Filamu ya Norman Jewison, ya 1971, ndiyo rahisi kuipata.

Tevye, muuza maziwa wa kijiji cha Anatevka katika Urusi ya 1905, anao wimbo wa kutaka. Anaota utajiri. Ila ufuate wimbo huo uone unakupeleka wapi: karibu popote. Tena si wa kwanza. Kabla yake kijiji kizima kimeimba mila zake. Husimuliwa kwamba mwongozaji, Jerome Robbins, aliwasumbua waandishi kwa swali lile lile, mchezo huu unahusu nini hasa, mpaka jibu likawa mila zinazobomoka, na wimbo wa ufunguzi ukatokea hapo.

Halafu wanakuja mabinti. Lazar Wolf, mwenye bucha na mwenye nazo, anamtaka Tzeitel. Mshenga ameshapita, baba ameshakubali. Binti anampenda Motel, fundi nguo asiye hata na cherehani. Wanaomba ruhusa. Tevye anapima upande huu, anapima upande ule, anatoa. Hodel anafuata na mwanamapinduzi wake, Perchik, na hawa hawaombi ruhusa, wanaomba radhi tu. Nadhani Kiswahili kinalisikia pigo hilo vizuri kuliko Kiingereza kilichoandikiwa mchezo. Ruhusa ni ya siku moja. Radhi ya mzazi unatembea nayo maisha yote. Tevye anapima tena, anatoa vyote viwili. Chava anampenda Fyedka, Mkristo. Anakatazwa, anaolewa kwa siri, anarudi kuomba tu akubaliwe. Baba anaanza kupima kama kawaida yake, na safari hii mizani haina upande wa pili.

Ni swali moja, limeulizwa mara tatu, bei ikipanda kila mara. Hakuhitajika adui mpya. Tunachopaswa kukijua kuhusu Tevye ni kile asichoweza kukitoa, na hicho hakiimbiki mapema kwa sababu mwenyewe hakijui bado.

Mwalimu mkali atasema amri ya kukifukuza kijiji inatoka nje, haisababishwi na uamuzi wa mhusika, kwa hiyo ni kasoro. Mimi naiona ndiyo inayoumiza zaidi. Tevye amemkana mwanawe ili ailinde Anatevka, na sasa Anatevka haipo. Chava anakuja kuaga. Baba hamtazami, anaendelea kufunga mizigo, kisha ananong'ona dua ambayo Tzeitel anaipokea na kumfikishia mdogo wake. Haimbi.