Weupe Usiotakiwa: Istilahi za Usafi wa Meno Yenye Vyuma

Maelekezo ya tabibu ni maandishi ya namna ya pekee. Mfasiri wa hotuba akikosea neno, msikilizaji aghalabu huipata maana katika sentensi inayofuata. Mfasiri wa maelekezo akikosea, mkono wa mgonjwa hufanya kile alichokisoma. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kukijadili hapa kipeperushi kimoja, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, kinachowafundisha watoto na vijana waliofungwa vyuma vya kunyoosha meno jinsi ya kuyatunza meno hayo yawe safi. Sarufi yake ni nzuri na makosa ya chapa ni machache. Kasoro yake imo katika istilahi, nayo ni kasoro tunayokutana nayo katika tafsiri nyingi za afya: maneno mageni yametafutwa pale yasipohitajika, na maneno ya kila siku yametumiwa bila kupimwa pale ambapo tofauti ya maana ndiyo kinga yenyewe.

Tuanze na jina la kifaa. Ukurasa wa kwanza unakiita "mikanda ya meno", wa pili "waya", na wa tatu "breketi". Mikanda imetoka katika kamusi, maana Waingereza hulitumia neno lilo hilo kwa mikanda ya kushikilia suruali mabegani. Wananchi wamekwisha kukiita kifaa hiki vyuma vya meno, nasi hatuoni sababu ya kuwapinga. Huenda mtu akasema kwamba siku hizi viko vinavyotengenezwa kwa kauri. Hoja hiyo haina uzito: risasi ya bunduki ni risasi hata ikivikwa shaba. Jina likisha kukaa katika vinywa vya watu haliulizwi tena limetokana na madini gani.

Vile vibao vidogo vinavyogandishwa juu ya meno, mfasiri ameviita "mabano". Mwanafunzi anayajua mabano katika hisabati, naye atashangaa kuambiwa ayapige mswaki. Tangu Mmarekani Edward Angle alipobuni, katika miaka ya 1920, kibao chenye mfuo wa pembe nne, kazi ya kibao hicho imekuwa ni kuushika waya unaoyasukuma meno mahali pake. Basi na kiitwe kishikizo. Neno lipo na linajieleza. Akiambiwa apige mswaki juu na chini ya vishikizo, mtoto ataelewa hata bila picha.

Hayo ni makosa ya majina, na madhara yake ni madogo. Makubwa zaidi yamo katika neno "uchafu", ambalo limetumika toka mwanzo hadi mwisho kwa vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni utando laini wa bakteria, unaojijenga upya juu ya meno kila siku, ambao mswaki huuondoa. Cha pili ni utando huo huo ulioachwa ukakaa, ukaingiwa na madini ya mate, ukawa mgumu kama gamba. Huu wa pili mswaki hauuwezi; sharti ukwanguliwe na tabibu wa meno kwa vyombo vyake. Kipeperushi kinaamuru, "Ondoa uchafu wote kwa mswaki." Mgonjwa mtiifu mwenye gamba gumu atasugua mpaka fizi zitoke damu, na pengine mpaka kishikizo kibanduke, na gamba litabaki palepale. Kiswahili hakikupungukiwa hapa. Tunayo maneno ukoga na ugaga, ambayo wasemaji huyachanganya. Kazi ya usanifishaji ni kuyatenga: ukoga uwe ule utando laini, na ugaga uwe ule uliokwisha kuwa mgumu. Kwa maneno mengine, ukoga ni kazi ya mwenye meno, ugaga ni kazi ya tabibu.

Kadhalika neno "mianya". Kipeperushi kinasema, "Safisha mianya yako kwa brashi ndogo." Lakini mwanya kwetu si nafasi yoyote iliyo kati ya jino na jino. Ni ile nafasi ya meno ya mbele, inayosifiwa kuwa ni uzuri. Binti asiye na mwanya atalisoma agizo hilo na kuliona kuwa halimhusu, ilhali lilikusudiwa kila mtu, na hasa pale chini ya waya ambapo chembe za chakula hunasa na mswaki wa kawaida haufiki. Tungependelea upenyo, wingi penyo, na chombo chenyewe kiitwe kibrashi cha penyo.

Kosa zito kuliko yote ni sentensi hii: "Usipopiga mswaki vizuri, utapata weupe kuzunguka mabano." Kila neno limefasiriwa, na maana imegeuka kichwa chini. Nani asiyetaka meno meupe? Kinachosemwa hapa ni ugonjwa. Bakteria wa ukoga hula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo hulinyang'anya madini tabaka la nje la jino, na mahali palipopungukiwa hubaki na rangi ya chaki. Dalili hii yaweza kuanza katika muda wa wiki chache, wakati vyuma hukaa kinywani aghalabu mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Vikitolewa, jino limenyooka lakini lina alama ambayo mswaki hauifuti, na ikiachwa huweza kuwa tundu. Neno linalofaa ni mabaka meupe, kwa kuwa baka hudokeza hitilafu, na sharti liandamane na maelezo kwamba hapo jino limeanza kupoteza madini yake.

Dawa ya meno imeelezwa kuwa iwe na "floraidi", na kwingine "fluoridi". Maadamu tunaandika kloridi na oksidi, na tuandike floridi. Hata hivyo, tahajia peke yake haitoshi. Wakazi wa sehemu za Mlima Meru wanaijua floridi kwa ubaya, kwa kuwa imezidi katika maji yao na kuyatia meno rangi ya kahawia. Mfasiri anayewaandikia hao hana budi kuongeza sentensi moja: jambo ni kiasi, na dawa ya meno hutemwa, haimezwi.

Ili tutende haki, twasema pia kwamba agizo la "kusukutua kwa maji kila baada ya kula" limefasiriwa barabara. Neno moja la Kiswahili limebeba kitendo kizima, wala halihitaji nyongeza.

Kwa hiyo tunawapendekezea wafasiri na walimu wa afya istilahi hizi: vyuma vya meno kwa kifaa kizima, kishikizo kwa kibao kinachoshika waya, ukoga kwa utando laini, ugaga kwa utando mgumu, upenyo kwa nafasi kati ya meno mawili, mabaka meupe kwa dalili ya jino kupoteza madini, na floridi. Kabla ya kuchapa, mfasiri na ampe mtoto mmoja maelekezo yake ayasome, kisha amtazame anavyoshika mswaki. Wenye maoni tofauti, hasa matabibu wa meno, wanakaribishwa kuyaleta.