Koo Lisiloandikwa: Uhakiki wa Mikabala Mitatu ya Kufundisha Mbinu za Juu za Saksofoni

Utangulizi

Makala haya yanahakiki vitabu vitatu ambavyo vimekuwa tegemeo la wanafunzi wa saksofoni wanaotaka kuvuka upigaji wa kawaida: Top-Tones for the Saxophone cha Sigurd Raschèr (1941), Les sons multiples aux saxophones cha Daniel Kientzy (1982) na Hello! Mr. Sax cha Jean-Marie Londeix (1989). Mbinu zinazohusika ni altisimo, yaani sauti zilizo juu ya upeo wa kawaida wa ala, sauti ambatani, ambapo noti mbili au zaidi husikika kwa pamoja kutoka ala moja, mkoromo, pigo la ulimi, na upumuaji wa mzunguko.

Hoja kuu ya makala ni kwamba vitabu hivi, kila kimoja kwa namna yake, vinaeleza athari za kisauti kwa kutazama kinachoweza kuandikwa kwenye karatasi, ilhali sehemu kubwa ya athari hizo huzaliwa mahali ambapo karatasi haifiki: kooni na nyuma ya ulimi. Suala hili si dogo. Mwanafunzi aliyepewa jedwali la vidole akashindwa kutoa sauti huhitimisha kwamba ala yake ni mbovu, au kwamba yeye mwenyewe hana kipaji. Mara nyingi hitimisho zote mbili si sahihi.

Raschèr: sikio kabla ya vidole

Raschèr, mzaliwa wa Ujerumani mwaka 1907, alikuwa mpulizaji aliyesadiki kwamba saksofoni ina oktavo nne, si mbili na nusu zilizozoeleka. Madai hayo hayakuwa ya kinadharia tu. Concertino da camera ya Jacques Ibert (1935), iliyoandikwa kwa ajili yake, ina vifungu vya altisimo ambavyo mtunzi amewaruhusu wapulizaji wengine kuvipiga chini zaidi. Ruhusa hiyo yenyewe ni ushahidi wa pengo lililokuwapo baina ya mpulizaji mmoja na wenzake, na kitabu cha 1941 kinaweza kusomwa kama jaribio la kuliziba.

Nguvu ya kitabu iko katika mpangilio wake. Vidole vya noti za juu haviji mwanzoni. Mwanafunzi hutakiwa kwanza kuisikia noti akilini kabla ya kuipuliza, kisha kushika vidole vya noti ya chini kabisa ya ala na, bila kuvibadilisha, kutoa oktavo yake, noti ya tano juu ya oktavo hiyo, oktavo ya pili, na kuendelea kupanda msururu wa haramoniki. Kwa kuwa vidole havisogei, kinachobadilika lazima kiwe ndani ya mwili. Zoezi linamlazimisha mwanafunzi kugundua kiungo ambacho hakuwahi kukitumia kwa makusudi.

Udhaifu wa Raschèr ni kwamba anaishia kwenye ugunduzi huo. Anasisitiza taswira ya sauti akilini, na taswira hiyo ni ya lazima, lakini mwanafunzi aliye peke yake, asiye na mwalimu wa kumsikiliza, hapewi njia ya kutosha ya kutambua kwa nini jana noti ilitoka na leo imegoma. Aidha, kitabu kinashughulikia noti za juu pekee. Mkoromo, pigo la ulimi na sauti ambatani haviko katika mpango wake.

Kientzy na Londeix: orodha kama maarifa

Baada ya Sonata ya Edison Denisov (1970), iliyotungwa kwa ajili ya Londeix, sauti ambatani hazikuwa tena jambo la pembeni katika muziki wa kitaaluma wa saksofoni. Watunzi walihitaji kujua ni michanganyiko gani inawezekana. Kientzy alijibu kwa katalogi ya vidole kwa aina mbalimbali za saksofoni. Londeix naye alikusanya sifa za ala nzima katika kitabu kimoja. Kwa mtunzi, kazi hizi ni hazina. Tatizo linaanza pale kitabu kilichokusudiwa kumwambia mtunzi nini kinawezekana kinapogeuzwa kuwa mwongozo wa kumfundisha mpulizaji jinsi ya kukifanya.

Vidole vya sauti ambatani hufungua tundu katikati ya neli ambayo sehemu yake ya chini imefungwa. Matokeo yake, milio asilia ya safu ya hewa huacha kulingana, na tete huweza kutetemeka kwa kutii zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Lakini "huweza" si "hutetemeka". Vidole vilevile, kwenye ala ya mtengenezaji mwingine, au kwa tete ngumu zaidi, huweza kutoa noti moja tu yenye kelele. Jedwali linaonyesha mlango ulipo, bila kueleza namna ya kuufungua.

Ikumbukwe kwamba upungufu huu si wa vitabu pekee. John Coltrane alirekodi "Harmonique" mwaka 1959, miaka 23 kabla ya katalogi ya Kientzy, akitumia sauti ambatani kwenye saksofoni ya tena. Katika simulizi yake ya mwaka 1960 katika jarida la Down Beat, anamtaja Thelonious Monk, mpiga piano, kuwa mmoja wa watu wa kwanza kumwonyesha jambo hilo, na anaeleza kwamba linahusu vidole visivyo vya kawaida na kurekebisha mdomo. Hata katika mapokeo ya mdomo, basi, koo halikutajwa.

Ushahidi wa maabara

Mwaka 2008, Jer-Ming Chen, John Smith na Joe Wolfe wa Chuo Kikuu cha New South Wales walichapisha katika jarida la Science vipimo vilivyofanywa ndani ya vinywa vya wapulizaji wakati wakipuliza. Katika upeo wa kawaida, umbo la njia ya sauti halikuwa na athari kubwa. Katika altisimo, wapulizaji wazoefu walilinganisha mwangwi wa koo na kinywa chao na noti waliyoikusudia. Wale wasiolinganisha hawakuweza kuzitoa noti hizo. Utafiti wao wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba ulinganishaji huo huhusika pia katika kupinda noti na katika sauti ambatani.

Matokeo haya yanampa Raschèr haki aliyoidai kwa sikio tu. Papo hapo yanaonyesha kwamba mbinu ambazo vitabu vimezitenga, yaani altisimo katika kitabu kimoja na sauti ambatani katika kingine, zina mzizi mmoja.

Mpangilio mbadala

Kwa msingi huo, makala yanapendekeza mbinu zipangwe kwa kiungo kinachozizaa badala ya alama inayoziwakilisha. Kundi la koo litakuwa na haramoniki, kupinda noti, altisimo na sauti ambatani, kwa mfuatano huo. Mkoromo utafuata, kwa kuwa nao hutoka kooni, ila kwa njia tofauti: mpulizaji huimba noti ndani ya ala huku akipuliza nyingine.

Kundi la ulimi litabeba pigo la ulimi, ambalo hutokana na ulimi kuvuta tete kwa mnyonyo na kuiachia ghafla. Hapa ikubaliwe kwamba hoja ya koo ina mpaka: mwanafunzi anaweza kulimudu pigo hili vizuri bila kujua lolote kuhusu mwangwi wa njia ya sauti.

Kundi la pumzi litakuwa na upumuaji wa mzunguko, na hapa msomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki ana mfano wa karibu. Mpiga zumari huhifadhi hewa mashavuni, huisukuma ndani ya ala, na wakati huohuo huvuta pumzi kwa pua. Ujuzi huo hujifunzwa kwa kumtazama fundi na kumwiga. Unathibitisha kwamba mbinu ya mwili hupokewa vizuri kutoka kwa mwili mwingine.

Hitimisho

Raschèr alijua pa kuanzia lakini hakueleza vya kutosha kinachotendeka; Kientzy na Londeix walieleza kinachopatikana lakini si njia ya kukifikia. Vitabu vyote vitatu vinabaki kuwa vya lazima, mradi visomwe kwa mfuatano sahihi. Kwa watahini, pendekezo ni moja: kabla ya kumtaka mtahiniwa apige ukurasa wenye sauti ambatani, atakiwe kushika vidole vya noti moja na kuipinda ishuke, kisha apande haramoniki nne za noti ya chini kabisa. Anayeweza hayo anahitaji jedwali na muda tu. Asiyeweza, jedwali halitamsaidia, na kumpa alama kwa sauti iliyotoka kwa bahati ni kumficha asione anachokosa.