Jasho la Chumba cha Baridi

Kichupa cha kimeng'enya hufika maabara kikiwa ndani ya barafu, na kibandiko kinataja idadi ya yuniti kwa kila miligramu. Namba hiyo imetolewa jasho, ingawa ni jasho la kwenye baridi.

Mtayarishaji hufanya kazi amevaa sweta katika chumba cha nyuzi 4. Misuli ya sungura imeshasagwa. Sasa anatia amonia salfeti kidogo kidogo, akikoroga taratibu. Akifanya pupa povu hupanda, na povu huharibu protini. Mashapo ya protini yanayotokea huzungushwa kwenye mashine, huyeyushwa tena, kisha hulazwa usiku kucha ndani ya kifuko cha utando ili chumvi ichujike. Kila hatua hupunguza mavuno.

Halafu kupima. Kwa kimeng'enya cha laktati dihidrojenezi hutiwa piruveti na NADH, na spektrofotomita hufuatilia NADH ikipungua kwenye mwanga wa nanomita 340. Yuniti moja ni maikromoli moja inayobadilishwa kwa dakika. Mstari ukipinda mapema, huenda kimeng'enya ni kikali mno: zimua, anza upya. Nyuzi 25 si sawa na 37, na kwangu mimi kipimo kisichotaja jotoridi si kipimo.

Maabara nyingi za hospitali nazo hutegemea kimeng'enya: hupima sukari ya damu kwa heksokinezi na mwanga huohuo wa 340. Mgonjwa hupewa karatasi ya majibu, na daktari hupanga dozi ya insulini kwa kuiangalia.